Vipepeo Kumi na Kimoja

Mimi kipepeo cha mkono, kile cha kujipepea wakati wa joto, sikinunui kwa macho. Macho ni ya wageni wanaoteremka kwenye mabasi, wanaona waridi jekundu limechorwa kwenye kitambaa, wanafungua pochi. Mimi nafumba macho kwanza. Nakishika pale chini, njiti zote zinapokutana kwenye pini, nakipa mtikiso mmoja wa kiganja na kusikiliza. Kipepeo kizuri cha kukunja hufunguka kwa sauti moja tu, kama kitambaa kipya kinachochanwa na fundi asiyesitasita. Kikifunguka kwa kukwaruzakwaruza nakirudisha kilikotoka, hata kama kimechorwa na malaika.

Baada ya sauti ndipo nafumbua macho. Naangalia pini isicheze. Nakiinua kwenye mwanga nione mikunjo kama iko sawa, maana mkunjo mmoja ukipotoka, kitambaa kitachanika hapo hapo kabla ya kiangazi kuisha. Kisha najipepea mara tatu. Upepo lazima ufike shingoni bila mkono kutoka jasho, vinginevyo ni heri ukae na joto lako. Mwisho nakinusa. Mbao za mpeasi zina harufu tamu kidogo, na plastiki iliyopakwa rangi ya mbao haijawahi kunidanganya.

Haya sikufundishwa shuleni. Mama yetu alikuwa akibandika vitambaa kwenye njiti nyumbani, nje kidogo ya mji wa Valencia, kama walivyofanya nusu ya wanawake wa mtaa wetu. Sisi watoto wake wawili, dada yangu Obdulia na mimi Visitación, tulikula, tukalala na kuchapwa makofi katikati ya gundi na vipepeo. Mimi huitwa Visi. Obdulia hana kifupisho, alikataa vyote.

Basi Julai ya mwaka themanini na saba niliingia dukani kwa Bwana Eliseo nikiwa na uhakika wangu wote. Nilikuwa natafuta kipepeo cha kumi na mbili cha kumtumia Obdulia, aliyekuwa anatimiza miaka sitini kule Geneva. Alikwenda huko zamani kufanya kazi kwenye kiwanda cha saa, akabaki. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Agosti ya mwaka sabini na tano, tulipomzika Mama. Alifika jioni, tukazika kesho yake, na keshokutwa alfajiri alikwisha panda treni. Tangu hapo hakurudi tena.

Nilidhani najua sababu. Mama aliniachia mimi nyumba, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki kumwosha na kumlisha, na usiku wa mazishi nilipomwambia Obdulia achague chochote anachotaka, hata makabati, alisema, "Chukua vyote, Visi. Mimi sitaki kitu humu ndani." Nikasema moyoni, hasira hiyo ya urithi, itapoa. Mwaka uliofuata, siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia, nikamtumia kipepeo cha kutaka suluhu. Mwaka mwingine nikatuma kingine, kizuri zaidi. Vikafika kumi na kimoja. Kila mara alijibu kwa kadi yenye maneno yale yale: "Ahsante, Visi. Ni kizuri sana. Labda mwakani nitakuja."

Ile "labda mwakani" yake nimeishi nayo miaka kumi na mmoja. Nilipopika wali wa sungura Jumapili niliupika wa watu wawili, halafu nikaula Jumatatu baridi. Sikuolewa, sikuzaa, na waliokuwa wakinijua nikiwa mtoto wamebaki wawili tu, na mmoja wao hajui tena jina lake. Nilimtaka dada yangu. Nilitaka akae kwenye kiti cha pili pale kibarazani, tunyamaze pamoja.

"Bi Visi," alisema Bwana Eliseo aliponiona mlangoni, "umekuja kuposa tena?"

Husema kwamba mimi hununua kipepeo kama familia inayotafuta mkwe, kwa maswali mengi na shukrani kidogo. Ana tumbo kubwa na mikono midogo, na miwani huivaa juu ya paji la uso.

"Leo nataka bora kuliko vyote ulivyonavyo," nikamwambia. "Usiniletee takataka za watalii."

"Takataka za watalii ndizo zinazonilisha, bibie. Wewe unanikondesha tu."

"Ungekonda tungeona."

Alicheka, akanitolea vitano juu ya kaunta. Nikafumba macho. Cha kwanza kilikwaruza. Cha pili kilikuwa na sauti nzuri lakini pini ililegea. Cha tatu, nilipokitikisa, nilijua kabla sijafumbua macho. Kilikuwa cha mpeasi, kitambaa cha pamba rangi ya maziwa, na pembeni maua ya mchungwa yaliyochorwa kwa mkono, machache, na fundi aliyejua kuacha. Upepo wake ulifika mpaka nyuma ya masikio. Nilifurahi kwa namna ambayo nina haya kuieleza. Niliona huyu dada yangu akikifungua hiki, hata moyo uwe wa jiwe, atakata tiketi.

Jambo moja tu lilinitia wasiwasi, rangi. Krismasi iliyopita kadi ya Obdulia ilikuja na picha, ya kwanza katika miaka yote hiyo. Alikuwa jikoni kwake, amevaa gauni la kijani kibichi, anakata keki. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Picha ile niliiweka mkobani na kuitazama kwenye basi, kwa daktari wa meno, kila mahali. Nikaitoa nikamwonyesha Bwana Eliseo.

"Huyu ndiye dada. Tazama gauni. Kitaendana?"

Akashusha miwani. "Mnafanana pua."

"Pua iache. Gauni."

Aliitazama kwa muda mrefu kuliko gauni lilivyohitaji. Kisha akaniuliza taratibu, "Bi Visi, dada yako hutumia mkono gani?"

"Wa kulia, kama watu."

"Kisu amekishika kwa kushoto."

"Picha imegeuzwa. Wanaosafisha picha wanajulikana kwa uzembe."

"Kuna kalenda ukutani nyuma yake." Akaigusa kwa ukucha. "Tarehe zinasomeka vizuri. Kalenda haikugeuzwa, basi na picha haikugeuzwa. Huyu ana mashoto."

"Alikuwa nayo utotoni. Akarekebishwa."

"Na nani?"

"Na Mama."

"Mama yuko wapi siku hizi?"

"Kaburini, Bwana Eliseo. Unajua. Ulileta maua."

"Sasa huko Geneva nani anamshika mkono?"

Nilitaka kumwambia auze vipepeo aache familia za watu, na neno lilikwisha fika kwenye ulimi. Lakini nilikuwa bado nimeshika kile kipepeo cha maua ya mchungwa, na mikono yangu ilijua kabla yangu.

Kwa sababu mimi ni mtoto wa kazi hii. Mimi sikuhitaji kuambiwa na muuza duka kwamba kipepeo kina upande. Njiti hupangwa zikilaliana kuelekea upande mmoja, kwa mkono wa kulia. Ukikifungua kwa kushoto kinakugeuzia mgongo, maua yanatazama ukutani na wewe unabaki na njiti tupu usoni, na kila ukipepea kinataka kujifunga. Wenye mashoto hutengenezewa vyao, vilivyopangwa kinyume. Viwandani walitoa dazeni moja moja, na wanawake wa mtaani walizipokea kazi hizo kama nyingine. Mama peke yake alizikataa. Alisema vitu hivyo haviingii nyumbani kwake.

Obdulia alikula na kushona na kuandika kwa kushoto tangu alipoweza kushika kitu. Mama alimfunga mkono huo kwa soksi ndefu kwenye mgongo wa kiti, kila mlo, mpaka alipofika miaka tisa. Na mimi niliyekuwa mdogo nilikuwa polisi wa Mama. "Mama, Obdulia ameshika kijiko kwa ule mwingine." Nilipewa lozi moja ya sukari kwa kila taarifa. Nilizipenda sana zile lozi. Obdulia hakunichukia kwa hilo, au hakusema. Alijifunza kutumia wa kulia, taratibu, na watu wote wakaona mambo yamekwisha.

Nikiwa nimesimama pale dukani nikaikumbuka siku ya mazishi, na safari hii niliikumbuka kama ilivyokuwa. Kanisani kulikuwa na joto la kuua. Tulikaa benchi la mbele, jeneza hatua tatu kutoka magotini petu. Nilimpa Obdulia kipepeo cheusi cha Mama, na nikasikia anahangaika nacho. Kinafunguka nusu, kinajifunga, kinalia kra-kra padri akisoma. Wanawake wa nyuma walianza kunong'ona kwamba huko Uswisi watu husahau hata kupepea. Nikageuka. Alikuwa amekishika kwa kushoto, kwa utulivu, kama mtu aliyezoea kutumia mkono wake. Ndipo nilipofanya nililofanya. Nikauchukua ule mkono, nikakitoa kipepeo kidole kwa kidole, nikakitia kwenye mkono wa kulia nikaufunga. Nikamnong'oneza, "Leo tu, Dada. Mama yupo hapa."

Alikilaza magotini, akakaa misa yote bila kupepea, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Mimi nikajipepea.

Na baada ya hapo nikamtumia vipepeo kumi na kimoja vya mkono wa kulia. Vizuri, kila kimoja kimechaguliwa macho yamefumbwa, kila kimoja kikimwambia lile lile nililomwambia kanisani.

"Kaa, Bi Visi," alisema Bwana Eliseo. "Umekuwa mweupe."

"Unavyo?" nikamwuliza.

Alijua ninachouliza. Akainama chini ya kaunta akatoa boksi la kadibodi lililofungwa kamba. Ndani mlikuwa na vipepeo saba, vyote vya mpeasi, vyote vya fundi mzuri kwa kuvitazama. Akavipanga mbele yangu na kurudi nyuma hatua moja, kama mtu anayempisha fundi afanye kazi.

Nikafumba macho, nikachukua cha kwanza, nikakitikisa. Hakikufunguka. Nikakitikisa tena, kikatoa njiti tatu kikagoma. Nikakumbuka, nikakihamishia kushoto. Mkono wangu wa kushoto haujawahi kufanya kazi ya maana isipokuwa kushikilia chungu wakati ule wa kulia unakoroga. Nilikitikisa kikaniponyoka, kikaanguka kwenye kaunta. Nikakiokota. Cha pili kikafunguka kwa kukwaruza, lakini sikujua kama kosa ni lake au langu. Cha tatu vivyo hivyo. Nilijipepea, upepo ukaenda kwa Bwana Eliseo. Vidole viliuma, kifundo cha mkono kikakaza, na machozi ya hasira yakaanza kunilenga, mwanamke wa miaka hamsini na sita, kwa kushindwa kitu ambacho mtoto anaweza. Nikawaza, hivi ndivyo alivyokuwa kila siku mezani, na mimi nikimtazama nikisubiri lozi yangu.

"Kipi kizuri?" nilimwuliza.

"Wewe ndiye unayejua vipepeo."

"Sijui."

Bwana Eliseo aliniangalia. Katika miaka yote aliyonifahamu hajawahi kulisikia neno hilo mdomoni mwangu. "Mimi pia natumia mkono wa kulia," akasema. "Hivi naviuza kwa mwenye mkono wake. Huja akashika, akachagua. Siwezi kumchagulia mtu."

Nilitoka bila kununua kitu, hata kile cha maua ya mchungwa. Nilipita kwenye kibanda cha orchata, kile kinywaji chetu baridi cheupe kama maziwa, nikaagiza glasi, nikaisahau juu ya meza. Nyumbani nilikaa ukumbini mbele ya simu mpaka saa mbili jioni, saa ambayo najua amekwisha kula, jua la kiangazi, ambalo kwetu huchelewa kuzama, bado limetandaa kwenye paa za jirani. Namba nilikuwa naijua kwa moyo ingawa sikuwa nimeipiga hata mara nne maishani.

Aliipokea mwenyewe. "Nani amekufa?" akasema, aliposikia sauti yangu.

"Hajafa mtu."

"Basi mbona unapiga simu?"

"Dada," nikasema, "ulirudia lini mkono wako?"

Nikasikia redio kwake, mtu anasoma habari kwa Kifaransa, kisha ikazimwa.

"Nilipofika huku," alisema. "Wiki ya kwanza. Kiwandani nilikuwa naangusha vile viskurubu vya saa, msimamizi akaniuliza, bibi, kwani huo mkono mwingine una nini? Nikamwambia hauna kitu. Akasema, basi utumie. Hivyo tu, Visi. Alikuwa hanijui hata jina."

"Na mimi kanisani nikakunyang'anya."

"Ulifanya kama Mama alivyotaka."

"Nilidhani umekasirika kwa sababu ya nyumba."

"Nyumba gani?"

"Hii. Niliyoachiwa."

Alicheka, lakini si kwa furaha. "Mimi na nyumba hiyo? Nilihesabu miaka nitoke humo. Hata leo nikiota nimefungwa, nimefungwa kwenye kile kiti." Akavuta pumzi. "Sikukasirikia nyumba. Nilisema moyoni, Mama ameshakufa, sasa nitakaa na mdogo wangu kama nilivyo. Halafu ukaushika mkono wangu, na vidole vyako vilikuwa kama vyake."

Nililia hapo, sikujizuia, na alinisikia. Aliniacha nilie. Nilipoweza kusema nikamwuliza, "Vile vipepeo ulimpa nani?"

"Nimpe nani? Viko kabatini kwangu, vyote kumi na kimoja. Siwezi kuvitumia. Ila kila kiangazi navitoa, navifungua kimoja kimoja kwa mikono miwili, navinusa, navirudisha. Vinanukia kwetu, Visi. Sijui unavipata wapi, huku hakuna kitu chenye harufu hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mdogo wangu ananikumbuka kila mwaka na bado hanijui?"

Lilikuwa neno kali na lilinistahili. Nikalimeza. Kisha nikamweleza juu ya boksi la Bwana Eliseo, vile saba, na jinsi nilivyovijaribu vikaniponyoka, na jinsi nilivyoshindwa kujua kipi kizuri.

"Wewe?" alisema. "Visitación ameshindwa kuchagua kipepeo? Ngoja nikae."

"Nimeshindwa. Sikutumii cha kubahatisha tena. Njoo uchague mwenyewe."

Akanyamaza. Niliogopa kile kimya. Nilijua ndani yake mnaweza kutoka "labda mwakani", na nilijua safari hii sitaweza kuivumilia.

"Nitachaguaje?" alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo sana. "Sijawahi kushika hata kimoja cha mashoto. Mama alivikataa mlangoni, na huku hawavijui. Natimiza miaka sitini, Visi, na sijui kipepeo changu kinafungukaje."

"Wala mimi. Tutajaribu wote, tuviangushe wote. Bwana Eliseo atacheka mpaka tumbo limshuke." Nikaona nimesahau jambo, nikaongeza, "Lakini ni kabla ya Agosti. Tarehe thelathini na moja anafunga duka, anakwenda pwani mwezi mzima kama watu wote."

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na tatu."

Nikamsikia akiinuka, kiti kikasogea sakafuni, droo ikafunguliwa. Karatasi zilichakarishwa. Akasoma saa za treni kwa sauti ya chini, nami nikaibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

"Mwambie asifunge mpaka nije," alisema Obdulia.